Jumapili Iliyorudi

Papa Kabeya alifariki Jumapili alasiri, mwezi wa sita, akiwa ameketi sebuleni kwake Etterbeek, mjini Brussels, na viatu vya kanisani bado miguuni. Mauwa, binti yake, alikuwa jikoni akipasha sombe, majani ya muhogo. Aliporudi na sahani alidhani mzee amesinzia. Daktari wa ambulansi alimweleza kwamba moyo ulisimama tu, kwamba hakuna ambacho angeweza kufanya. Mauwa akaitikia kwa adabu, bila kusikia.

Saa hiyo mdogo wake, Ghislain, alikuwa angani juu ya bahari ya Pasifiki. Yeye na Tatiana walikuwa wamefunga ndoa mwezi wa tano, na marafiki wakawachangia safari ya fungate: kwanza Bali, kisha, kwa kupitia Tokyo, visiwa vya Hawaii. Papa Kabeya, ambaye ujana wake wote aliutumia kwenye reli huko Lubumbashi, alitaka kuelezwa kila hatua. Ndege ina viti vingapi? Mnakula nini huko juu? Basi kila walipotua Ghislain alimpigia, akamsimulia mpaka mzee atosheke.

Jioni nyumba ikajaa. Wanawake wa Galerie d'Ixelles, jengo la maduka ambako Mauwa ana saluni, walikuja na sufuria na viti vya kukunja, na nyimbo za matanga zikaanza. Tonton Mukendi, mdogo wa marehemu, akamvuta Mauwa kando.

"Ghislain akishuka ku ndege ataita ku telefone. Usimuambie."

"Tonton, sasa nitasema nini?"

"Sema papa eko mugonjwa sana, barudi mbio. Safari ya kurudi iko murefu. Akijua sasa, nani atamushika mule mu ndege? Bibi yake eko mutoto bado. Tutamuambia hapa, kati yetu."

Moyoni Mauwa hakukubali. Lakini kwao, siku ya msiba, neno la tonton halijadiliwi.

Simu ililia jua la kiangazi likiwa lingali kwenye mapaa. Mauwa aliingia chumbani mwa baba yake, akafunga mlango ili nyimbo zisisikike, akaketi kitandani.

"Mauwa! Tumefika!" Sauti ya Ghislain ilikuwa na kicheko ndani yake. "Huku ni Jumapili asubuhi tena, unaelewa? Tulitoka Tokyo Jumapili usiku, tunafika Jumapili asubuhi! Papa atacheka. Unipe yeye."

"Papa eko mugonjwa," Mauwa akasema. "Sana. Inabidi murudi."

Kwa mbali likasikika tangazo la uwanjani, na Tatiana akiuliza kwa Kifaransa kuna nini.

"Anasema?"

"Apana. Hasemi."

"Lakini anasikia?"

Mauwa aliutazama mto wa baba yake, uliobonyea pale alipokuwa akilaza kichwa.

"Bon. Muwekee telefone ku sikio. Nakuomba, yaya."

Yaya, dada mkubwa: hakuwa amemwita hivyo tangu walipokuwa watoto. Mauwa angeweza kusema hapo hapo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Badala yake mkono wake uliilaza simu juu ya mto, na yeye akainama karibu.

"Papa, ni miye. Ndege ilikuwa kubwa, iko na ngazi ndani, sawa nyumba. Batu bote balilala, miye hapana. Jua ilitoka mara mbili siku moja, papa. Asubuhi kule Tokyo, kisha tena juu ya maji. Nikasema, hii papa hataamini." Akashusha sauti. "Usichoke. Unigojee. Niko nakuja."

Kisha, polepole: "Mauwa, nasikia anapumua."

Mauwa aliziba mdomo kwa kiganja.

Walirudi siku ileile kwa ndege za kwanza walizopata, bila hata kuiona bahari waliyoifuata. Jumanne Mauwa na tonton Mukendi walikwenda kuwapokea uwanja wa ndege wa Zaventem. Ghislain alitokea akisukuma mizigo, akakiona kitambaa cheusi kichwani mwa dada yake, akasimama. Watu nyuma yake wakampita huku na huku.

"Lini?"

"Jumapili alasiri, kisha midi."

Alikaa akihesabu kimya, midomo ikitembea. "Donc, tulikuwa tungali mu ndege."

"Ndiyo."

"Na ku telefone? Nani alikuwa anapumua?"

"Miye," Mauwa akasema.

Tonton Mukendi akaingilia. "Mutoto, ni miye nilimutuma."

"Si ni yeye alishika telefone, tonton." Ghislain hakumtazama yeyote. Tatiana alimkumbatia Mauwa, wakalia wote wawili palepale, lakini Ghislain alisukuma mizigo akaenda.

Mazikoni alisimama upande wa pili wa kaburi. Nyumbani hakugusa chakula alichopika Mauwa. Watu waliona.

Wiki iliyofuata, adhuhuri moja, Ghislain aliingia saluni kwa Mauwa. Wateja wawili waliokuwa wakisukwa na wasaidizi wakageuza vichwa. Akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi.

"Uninyoe. Yote. Ni ya matanga ya papa."

Mauwa alimfunga shuka shingoni, akawasha mashine. Nywele zikaanza kuanguka.

"Nilifika kule Jumapili asubuhi," Ghislain akasema, akijitazama kwenye kioo. "Papa alikufa Jumapili kisha midi. Ukifuata saa ya kule, nilikuwa nasema na muntu muzima."

Mauwa alizima mashine. "Ghislain, nilipaswa..."

"Wacha. Sijakusamehe, ujue."

"Najua."

"Lakini kama ungeniambia, singesema naye kitu. Singeweza." Akafumba macho. "Endelea."

Mauwa aliendelea. Usingizi wa kule mbali ulikuwa haujamtoka Ghislain. Alikuwa akikesha Brussels inapolala na kusinzia watu wakiwa kazini. Kabla Mauwa hajamaliza upande mmoja, kichwa kilianza kumwangukia kifuani. Mauwa alikishika kwa mkono wa kushoto, akakiinua taratibu, akakiegemeza tumboni mwake. Mashine ikaenda polepole nyuma ya sikio.