Pua Aliyoitengeneza Binti Yangu

Mimi ni mzibua vyoo. Miaka thelathini na moja nimeingiza mkono pale ambapo watu hawataki hata kupatazama, na sioni haya kuyaandika. Haya waone wakubwa wa hospitali waliomzungusha mke wangu, miaka mitano iliyopita, mpaka akaisha. Leo minyoo, kesho vidonda vya tumbo, keshokutwa "punguza mawazo, mama." Kipimo cha kuingiza mpira wenye kamera kilikuwa kimoja hospitali nzima, foleni yake miezi minane. Yeye alifikisha sita. Walipompasua, utumbo ulikuwa umeshatoboka.

Kwa hiyo binti yetu alipomaliza kile kisanduku chake, niliapa sitakosa siku ya majaribio.

Kisanduku chenyewe hakizidi redio ya mezani. Unaweka ndani kikopo cha haja kubwa, kinapashwa moto kidogo, hewa yake inapita kwenye vidude vidogo kama punje za mtama, halafu kwenye kioo unaandikiwa: utumbo mzima, au utumbo mgonjwa. Hakuna mpira, hakuna mama wa watu kuvuliwa nguo mbele ya vijana.

"Ni pua tu, baba," aliniambia. "Nimeifundisha miaka minne."

Siku hiyo wakubwa sita wa hospitali ileile walikaa mbele, Daktari Mkuu katikati, tai imemkaba. Mezani vikopo kumi vyenye namba. Majibu yake, yaliyopatikana kwa ule mpira, yalikuwa kwenye bahasha ya Mkuu. Pua ikishindwa, mradi unafungwa siku hiyohiyo, alishatamka. Mimi nilipewa kiti cha nyuma kabisa.

Kikopo cha kwanza: mgonjwa. Cha pili: mgonjwa. Cha tatu: mgonjwa. Mkuu akachungulia bahasha.

"Cha pili na cha tatu ni wazima kabisa. Binti, pua yako ina mafua?"

Wenzake wakaangua kicheko. Binti yangu akabonyeza hiki, akabonyeza kile.

Mimi kuna kitu kilikuwa kinanikera tangu nilipoingia. Sakafu inang'aa, na ile dawa ya deki ya kuua vijidudu, ile inayogeuka nyeupe ukiitia maji, inachoma macho. Hiyo naijua. Kazini natafuta bomba lililopasuka kwa kunusa. Mwenye nyumba akishamwaga dawa ile, basi, siambulii kitu. Nyumba yote inanuka dawa. Binti alikuwa mle tangu alfajiri, pua yake mwenyewe ilishazoea.

Nikasimama. "Nani kaagiza humu mpigwe deki?"

"Nani kamleta huyu mzee?" Mkuu akauliza.

"Ni baba yangu," binti akasema, kichwa juu. "Anazibua vyoo. Mwacheni aseme."

Sijui niliyameza vipi machozi.

"Nimeagiza mimi," Mkuu akasema. "Wageni wakae kwenye uchafu?"

"Basi mkubwa, umeiziba pua mwenyewe, halafu unaitukana kwamba hainusi."

"Kumbe tukuajiri wewe, mashine tuitupe!"

"Mimi nimechota vya watu wote, hadi vya majumbani kwa wakubwa. Kwangu vinanuka sawa. Anayevitofautisha ni huyu."

Safari hii wenzake walicheka, yeye hakucheka. Binti alishachomoa waya, kisanduku kwapani.

"Nusu saa ya hewa safi," akasema. "Tuhamie barazani."

Nikabeba sinia la vikopo mwenyewe. Wakubwa wakasimama kwenye jua, tai zao shingoni, wakisubiri pua ipumue. Wajue na wao kusubiri kukoje.

Akaanza upya. Cha kwanza mgonjwa, cha pili mzima, cha tatu mzima. Kila alipotaja, Mkuu alitazama karatasi. Tisa, hakukosea hata kimoja. Cha kumi binti akakipima mara mbili.

"Hiki pua haina uhakika nacho. Mwenye jibu la namna hii ndiye wa kupelekwa kwenye mpira, tena mapema."

Mkuu akakunja karatasi. "Itaanza Jumatatu," akasema, kama vile wazo lilikuwa lake.

"Miaka mitano mmechelewa," nikamwambia.

Jumatatu nikaenda, sina kazi pale, nikakaa tu kwenye benchi. Mama mmoja, mwembamba kama alivyokwisha mke wangu, alikuwa ameficha kikopo chini ya kanga kwa aibu. Binti yangu akakipokea kwa mikono miwili.

"Majibu kabla ya saa sita, mama. Usiende mbali."

Mama yule akanigeukia. "Wanasema kabla ya saa sita! Huyu daktari ni nani?"

"Si daktari. Ni fundi," nikasema. "Na ni mtoto wangu, mimi na marehemu mama yake."