Marehemu Anatafuta Chumvi

Nawategea kitendawili hiki, na si cha watoto: jana alifariki redioni, leo anauliza chumvi iko wapi. Mkishindwa msinipe mji. Mji ninao, nakaa Pasiansi, kando ya ziwa.

Marehemu ni binti yangu Modesta, fundi cherehani. Aliyemuua ni mwanawe wa kumzaa, mjukuu wangu Nestory, yule mnayemwona kwenye mabango ya stendi ya Buzuruga akiitwa Rangi Tisa. Upinde wa mvua una rangi saba. Nilipomuuliza mbili kazitoa wapi, akanijibu, "Zipo Bibi, ila kwa wanaoona." Nikafuta miwani. Mpaka leo sijaziona.

Nywele amezisokota, nyingine kijani, nyingine zambarau, nyingine chungwa, na zipo za rangi ya nyongo ya sangara. Siku moja nikamtegea: "Juu bustani, chini jangwa." Akacheka mno, akakiingiza kwenye wimbo akidhani nimemsifu.

Muziki wake una jina la Kizungu ambalo ulimi wangu unaligomea. Mimi nauita muziki wa njozi. Magitaa yanalia kinyumenyume, samaki wa macho matatu wanapanda ngazi kwenda mwezini, saa ya ukutani inayeyuka kama barafu ya ukwaju, na mwimbaji mwenyewe amegeuka moshi anapenya tundu la funguo. Vijana husikiliza wamefumba macho, wanasema wanasafiri. Meneja wake, Suhaib, kijana wa mjini ambaye baba yake anauza vipuri vya baiskeli, hutangaza kwamba Rangi Tisa anakunywa mizizi ya visiwani inayofungua jicho la ndani. Mizizi ipi? Mtoto yule ukimpa chai yenye tangawizi kali anatokwa machozi! Wale samaki aliwaona alipougua malaria, amelala kitandani kwa mama yake, joto limepanda, anaonyesha kidole darini: "Mama, wanapanda, wanapanda." Modesta akawa anamkanda kwa kitambaa cha maji. Na yale magauni yake ya jukwaani yenye mikono ya kipepeo, ambayo Suhaib anasema yalishuka ndotoni, yameshukia kwenye cherehani ya Modesta.

Siku ya tukio ilikuwa Alhamisi. Modesta alikuwa anamalizia gauni la onyesho la Jumamosi, pale ufukweni. Watu wa Dar walikuwa waje kumtazama Nestory, na wakimpenda wamchukue kwenye ziara ya nchi nzima. Redio imewashwa, mwana anahojiwa, mama anashona huku anatabasamu peke yake.

"Rangi Tisa, huzuni hii kwenye sauti yako umeitoa wapi?" mtangazaji akauliza.

"Mama yangu alichukuliwa na ziwa," akajibu, sauti imelegea kama ugali wa mgeni. "Nilikuwa mdogo. Kaburi sikuliona. Mimi nikiimba, ni yeye anayeimba."

"Dah! Pole sana, kaka."

Cherehani ikasimama.

"Mama," Modesta akaniita, "mimi nimekufa?"

"Ndivyo redio ilivyosema, mwanangu."

"Nimezama?"

"Zamani."

"Basi anayemfulia soksi ni jini."

Mchana Nestory akaja na Suhaib kuchukua gauni.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Mama."

"Marahaba," akasema Modesta. "Kumbe na maiti huamkiwa?"

Suhaib akadakia. "Mama Nesto, usikasirike. Ile ni stori ya msanii tu. Watu wa Dar hawamchukui msanii asiye na stori."

"Stori yangu ipo. Niko hai."

"Sasa hiyo ni stori, Mama? Kila mtu mama yake yuko hai!"

"Mwanangu yuko hai na anakusikia," nikamwambia.

Modesta akamgeukia mwanawe. "Sitaki zawadi. Sitaki kukaa viti vya mbele. Nataka mdomo ulioniua useme niko hai, mbele za watu, kwa hiari yako. Hilo tu."

"Jumamosi ikipita nitasema, Mama."

"Mtu akifa huwa anangoja Jumamosi?"

Modesta akalikunja gauni vizuri, akampa. Wakaondoka.

Sasa, kwetu Usukumani redio haitaniwi kwa habari za vifo. Watu wanaisikiliza kwa kalamu mkononi, maana ndiyo inayowaambia nani wa kwenda kumzika. Kaka yake Modesta, mwanangu Mayala, anafuga ng'ombe huko Ngudu. Alisikia sauti ya mpwa wake, akasikia "mama", akasikia "ziwa". Hakungoja "nilikuwa mdogo". Akapiga simu ya Modesta. Umeme kwetu ulikuwa umekatika, redio inatumia betri, na simu imezimika. Akapata ushahidi wake: maiti hapokei simu.

Ijumaa tuko jikoni, Modesta amebandika maharage, anapekua rafu. "Mama, chumvi umeiweka wapi?" Kabla sijajibu, kilio kikapasuka mlangoni. Canter nzima ya watu kutoka Ngudu, Mayala akiwemo! Wanawake wamefunga khanga viunoni, magunia ya mchele, masufuria ya kuazima, na beberu mweusi anayelia kuliko wote. Modesta akatoka na mwiko mkononi.

"Jamani, nani kafa?"

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma, waliokuwa nyuma wakaruka. Mmoja akatua kwenye bustani ya jirani yetu Sada.

"Matembele yangu!" Sada akapiga kelele. "Kama mnakimbia mzimu, kimbieni barabarani!"

Mayala hakukimbia. Akamshika dada yake mashavu, akayaminya kama anayechagua embe, akalia kidogo, machozi ya kweli. Kisha akayafuta na uso ukabadilika.

"Mayu," akaniita, ndivyo anavyoniita mimi mama yake, "huyo mfiwa yuko wapi?"

Nestory alikuwa mazoezini. Akaletwa, na Suhaib nyuma yake. Mayala akampokea kwa adabu zote.

"Mpwa wangu, pole na msiba."

"Mjomba, mimi nili…"

"Kaa kwenye mkeka. Mfiwa hakai kwenye kiti." Akatoa wembe mpya mfukoni, akaufungua karatasi yake taratibu. "Aliyefiwa na mama yake, kwetu hunyolewa. Wewe umetangaza umefiwa, nchi nzima imesikia. Basi tukunyoe. Au piga simu kulekule uliposemea, useme mama yako yuko hai, na beberu huyu awe wa karamu."

Nestory akashika kichwa kwa mikono miwili. Suhaib akamwinamia, na wanong'onaji wa mjini hawajui kunong'ona.

"Nywele ziko kwenye mabango yote, kaka."

"Na stori je?"

"Stori tutatunga nyingine. Nywele haziwezi kuota kufikia kesho."

Niliiona mizani ile kwa macho yangu: upande huu mama, upande huu nywele. Nywele zikashinda. Bahati ya Modesta siku hiyo ni kwamba yeye na nywele walikuwa timu moja: zikipona, naye anafufuka.

Nestory akapiga simu. Mtangazaji, kwa furaha, akamweka hewani palepale.

"Nataka kusema… mama yangu yuko hai."

"Eh! Yule aliyechukuliwa na ziwa?"

Nikaona usanii unampanda kooni kama kwikwi.

"Ndiyo," akasema, na sauti ikalegea tena. "Ziwa limemrudisha. Leo alfajiri ametoka majini…"

Mayala akapitisha wembe. Msokoto mmoja wa kijani ukaanguka mkekani kama jongoo. Nestory akapiga yowe, simu ikamponyoka, Modesta akaidaka.

"Mtangazaji, hujambo? Naitwa Modesta, fundi cherehani, Pasiansi. Sikuchukuliwa na ziwa wala sikurudishwa. Mimi ziwani naishia magotini. Asante."

Akakata.

Beberu akaliwa. Waliokuja kulia wakacheza, na shangazi mmoja akalalamika kwamba amesafiri na machozi yake bure, akaombwa ayatumie kwenye vitunguu. Tukiwa bado tunakula, simu ya Suhaib ikaita. Akasikiliza, akaruka kwa mguu mmoja.

"Watu wa Dar! Walikuwa wamefungua redio! Wamependa kuliko mwanzo! Wanataka kesho Mama atokee majini, amevaa nyeupe, moshi huku na huku, na Rangi Tisa anamwimbia. Wakiona hilo, ziara ni yetu!"

Nestory akamgeukia mama yake, mdomo umejaa nyama. "Mama, unaonaje?"

"Naona una mafuta kidevuni."

"Mama!"

"Jana nilikuomba neno moja, Nestory. Leo umelisema kwa wembe, halafu ukalitia chumvi palepale. La wembe halihesabiki. Na majini siingii."

Asubuhi ya Jumamosi Mayala na watu wake wakarudi kwa ng'ombe wao. Jioni, jua bado lipo, Modesta akatoa cherehani barazani, nami nikakaa pembeni nachambua mchele. Ufukweni hatukwenda. Spika zile hazihitaji kufuatwa, zinakufuata zenyewe mpaka sebuleni.

Wimbo wa kwanza ukapita na samaki wake wote. Kisha tukasikia sauti ya Suhaib: "Rangi Tisa! Waambie kuhusu mama aliyerudishwa na maji!" Watu wakashangilia. Mguu wa Modesta ukatulia kwenye pedali.

Safari hii hakuna mjomba wala wembe.

"Mama yangu," tukamsikia Nestory, na ile mitambo ya mwangwi ikamrudia: yangu… yangu… yangu. "Mama yangu hakuzama. Hajawahi kuzama. Nilidanganya." Danganya… ganya… ganya. Watu wakaanza kucheka, filimbi zikalia, mmoja akapiga kelele arudishiwe kiingilio. "Yuko nyumbani. Yuko hai."

Hai… hai… hai…

Mtu mwenye akili angezima mtambo. Hakuna aliyeuzima. Hai ikaenda kwenye mawe ya ufukweni, ikarudi, ikavuka maji, mbwa wa mtaani wakaanza kuijibu.

Baadaye Suhaib alikuja kutueleza, kama anayeleta taarifa ya kifo cha kweli, kwamba watu wa Dar waliondoka kabla ya wimbo wa pili. Wakamchukua kijana wa Butimba anayedai alilelewa na mamba. Nikamuuliza kama huyo mama yake mamba ameamkiwa, hakucheka.

Lakini hayo ya baadaye. Jioni ile Modesta alijifuta macho kwa ncha ya futi ya kupimia, akaingiza uzi kwenye sindano, akakosea, akaingiza tena.

"Angetaja na mtaa," akasema. "Wateja wangenipata."