Nauli ya Watu Kumi

Scola alifariki Tabora siku ya Jumatatu. Mumewe alimpigia simu Editha, dada wa marehemu, huko Ilongero, akamwambia mazishi ni Alhamisi saa nne asubuhi na hayatasogezwa mbele.

Scola alikuwa ameolewa Tabora miaka ishirini, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kufika kumwona. Wakwe walizoea kumtania kwamba aliota tu kama uyoga. Alicheka nao, lakini kwa simu alimlilia dada yake. Kwa hiyo Editha aliazimia jambo moja tu: mdogo wake azikwe mbele ya watu wake.

Editha alikuwa katibu wa jumuiya ndogo ya kanisa. Walijitokeza watu tisa wa kwenda mazishini, yeye akiwemo. Mchango uliopatikana ulitosha nauli ya treni ya watu wanane, daraja la tatu, kutoka Manyoni. Ilibidi mmoja abaki, na kila mtu alijua angekuwa bibi Magdalena, kwa sababu ya umri. Magdalena ndiye aliyempokea Scola siku alipozaliwa.

Deo, fundi baiskeli, alitangulia Manyoni Jumanne kutafuta tiketi. Mchana akapiga simu.

"Katibu, kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

"Kuna nauli ya kikundi. Wakifika watu kumi, robo nzima inaondoka, kwenda na kurudi. Wanataka barua yenye majina, namba za simu na mhuri. Hela yetu inatosha, na bibi anakwenda."

"Deo, sisi ni tisa."

"Ndiyo maana nimekwambia ukae."

Editha alihesabu majina upya kwa vidole.

"Mwandike mzee wako," Deo akasema. "Edward ni mwanajumuiya, si mzimu. Alitaka kuja, mguu umemkatalia. Sasa uongo uko wapi hapo?"

Editha alisali kabla ya kuandika. Kwa kawaida akisha kusali mkono wake huwa mwepesi. Siku hiyo ulibaki mzito, na alipaswa kuusikiliza. Aliandika majina tisa, kisha la kumi: Edward Mughwai. Akaweka na namba yake ya simu. Akagonga mhuri.

Edward alikuwa amelala kitandani, mguu umefungwa bendeji, akimtazama.

"Umenipeleka Tabora bila viatu," alisema akicheka.

Mkewe hakucheka.

Jumatano walifika Manyoni kwa basi la alfajiri. Barua ilipokelewa dirishani bila swali lolote, tiketi kumi zikatoka. Treni ilichelewa, ikaingia saa tano ikiwa imepita. Walipopanda, Editha alikuta mwanamume ameshakaa dirishani, kwenye kiti kilichoelekeana na chake. Alikuwa na umri wa Edward hivi. Amevaa shati safi, lakini mkono wa kulia wa shati ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko, kama uliofuliwa peke yake muda mfupi uliopita.

"Huyu ni nani?" alimuuliza Deo kwa sauti ya chini.

"Msafiri. Kiti kilikuwa kinakwenda bure, nimemwachia tiketi kwa nusu bei. Hela tutaiweka kwenye rambirambi."

"Umeuza jina la mume wangu?"

"Nimeuza kiti, Katibu. Usianze."

Yule mtu alimwamkia Magdalena shikamoo kwa heshima, akampisha akae vizuri. Kisha akaomba kuiona ile barua.

"Nijue naitwa nani," alisema, na Deo akacheka.

Aliisoma taratibu mpaka kwenye mhuri, akaikunja mara mbili na kuitia katika mfuko wake wa kifuani. "Nitawatunzia. Karatasi kama hizi hupotea njiani."

Editha alitaka kuidai. Aliona aibu, maana barua yenyewe ilikuwa ya uongo, na angeanzaje kudai haki juu yake? Akatoa rozari.

Itigi treni ilisimama muda mrefu kuliko kawaida. Wauza mayai na karanga waliokuwa wakiita chini ya madirisha walinyamaza wote kwa pamoja. Askari polisi wawili walipanda behewa, wakaanza kuwauliza wanaume vitambulisho, kiti hadi kiti. Yule mtu hakugeuka. Walipomfikia alitoa barua kwa mikono miwili.

"Tunakwenda msibani, afande. Sisi ni kikundi cha kanisa."

Sajenti alisoma. "Edward Mughwai. Kitambulisho?"

"Nimekiacha nyumbani kwa haraka za msiba. Mke wangu ni yule pale."

Sajenti alimgeukia Editha. "Mama, huyu ni mumeo?"

Editha aliona yote kwa mara moja. Akisema hapana, barua ni ya kughushi, na wote watashushwa hapo Itigi. Kesho saa nne Scola atafukiwa kama mtu asiye na kwao. Deo alikuwa akitazama sakafu. Vidole vya Magdalena vilikuwa vimesimama juu ya punje moja ya rozari.

"Ndiyo," alisema.

Sajenti aliirudisha barua kwa yule mtu. "Samahanini. Kuna mwanamume amemkata mkewe kwa shoka Manyoni leo alfajiri. Mama wa watu hajitambui mpaka sasa. Poleni na msiba."

Akaendelea kwenye viti vilivyofuata, kisha akaelekea mlangoni. Muda wa kusema ulikuwepo. Ulikuwa mfupi, lakini ulikuwepo. Editha aliutazama mgongo wa sajenti mpaka aliposhuka, na treni ikashtuka na kuanza kwenda.

Yule mtu aliinama mbele, akaupangusa upande wa kitenge cha Editha begani.

"Vumbi, mke wangu," alisema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Vichaka vya Itigi vilipita dirishani saa baada ya saa, vimeshonana, havina njia wala nyumba. Editha alijaribu kusali Baba Yetu kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye "utuopoe maovuni" aliishia hapo. Yule mtu, akiwa amefumba macho, akamjibu: "Amina."

Walifika Tabora jioni. Yeye ndiye aliyembebea Magdalena mkoba mpaka nyumbani kwa marehemu. Mume wa Scola hakuwahi kuonana na Edward uso kwa uso, ila alijua jina, na jina lilikuwa limetangulia kwa simu, Deo alipomsomea orodha ya wageni. Alisimama, akamkumbatia.

"Mwanyumba wangu! Tumeoa nyumba moja, tunaonana kwenye kilio!"

Akapewa kiti karibu na mfiwa. Lucy, binti wa Scola, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alimletea maji ya kunawa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Alinawa polepole, akimtazama. "Sasa mama hayupo. Baba akienda kazini, unabaki hapa na nani?"

"Nabaki peke yangu."

Editha alisikia. Alisimama katikati ya akina mama.

"Huyu si mume wangu," alisema.

Watu waliokuwa wakiimba walinyamaza. Editha alieleza kila kitu, nauli, barua, Itigi. Alisema ni yeye aliyeandika na ni yeye aliyesema ndiyo. Hakumtaja Deo, lakini Deo alikuwa tayari amesimama kando yake, analia. Mfiwa alimtazama shemeji yake kama mtu aliyepigwa kofi. Walipogeuka, kiti kilikuwa kitupu, na maji ndani ya beseni yalikuwa bado yanatikisika. Vijana walikimbia hadi barabarani, wakarudi mikono mitupu.

Polisi walikuja usiku huo huo wakamtaka Editha afike kituoni saa tatu asubuhi kuandika maelezo.

"Mazishi ni saa nne," alisema.

"Mama, tulikuwa naye mkononi kule Itigi."

Kwa hiyo Alhamisi saa nne, Magdalena na Deo na wenzao walisimama kaburini mbele ya wakwe wote, na Editha alikaa kwenye benchi la kituo cha polisi, akitaja majina kwa askari aliyeandika polepole sana. Hakumwomba Mungu amtoe hapo. Alimwombea mwanamke wa Manyoni, ambaye hakumjua hata jina, afumbue macho.

Simu yake ikaita. Alikuwa Edward.

"Mmemzika?"

"Wanamzika. Mimi niko polisi. Jirani yetu Martha alikuja kulala hapo, kama nilivyomwomba?"

"Alikuja, ameondoka asubuhi hii. Editha, sikiliza. Kuna mtu kanipigia sasa hivi. Anaongea taratibu, mstaarabu kabisa. Kasema ananishukuru kwa jina. Halafu kauliza, kutoka stendi ya Singida mpaka kwetu bodaboda ni bei gani, na kama kuna ya nafuu."

Askari alikuwa amesikia. Aliweka kalamu chini.

"Mwambie afunge mlango," alisema.