Mistari ya Senge Kageha

Chuo chetu cha Nairobi kilipofungwa ghafla mwezi wa Machi mwaka 1997, tulipewa saa mbili kuondoka. Wenzangu walibeba magodoro. Mimi, kwa idhini ya mhadhiri wangu, nilibeba kamera ndogo ya ulinzi, kioo bapa kilichotolewa katika kompyuta ya mkononi iliyoharibika, na chipu sita za aina ambayo mtu huiandikia kazi yake mwenyewe, kisha akipenda huifuta na kuiandika upya.

Nilikuwa na sababu. Senge Kageha, dada yake baba, aliyenilea kijijini kwetu Shieywe, alikuwa akipoteza nuru ya macho. Mkaguzi wa elimu alikuwa amempa wiki mbili: asome mbele yake, au aache kufundisha darasa la pili.

Miwani haikumfaa tena, lakini herufi zenye urefu wa kidole gumba alizisoma bila shida. Nilitaka kamera iutazame ukurasa kwa karibu, na kioo kimwonyeshe neno mojamoja kwa ukubwa huo. Kamera hutuma picha mstari baada ya mstari, kwa mwendo wake. Kioo nacho hupokea kwa mwendo wake. Chipu zangu zilipaswa kusimama katikati na kuupeleka kila mstari mahali pake.

Kompyuta ya kuziandikia ilikuwa ya Lazarus, mwenye duka la kupiga chapa mjini. Alinipa nafasi saa ya chakula cha mchana.

“Injinia,” aliniambia siku ya kwanza, “hicho kitabu cha darasa la pili Senge wako amekifundisha miaka ishirini. Si akariri tu? Mkaguzi atajuaje?”

“Senge atajua,” nilimjibu.

“Haya, watu wa kanisa mna shida zenu.” Lakini kesho yake alinifungulia mlango kabla sijabisha.

Jumanne, siku mbili kabla ya mkaguzi kuja, picha ilitokea. Senge alikiinamia kioo.

“Mbona neno liko mara mbili?” akauliza. “Moja juu, moja chini, na yote yamekandamizwa kama chapati.”

Ilikuwa kweli. Nilikagua nyaya, nikapitia hesabu zangu zote, na hadi Jumatano asubuhi sikuwa nimeliona kosa. Mvua ilikuwa imenyesha. Senge alinipa bakuli la mbegu za maharagwe.

“Sina nafasi, Senge. Mkaguzi anakuja kesho.”

“Na udongo ukikauka, mkaguzi atakuja kutupandia? Twende.”

Yeye alitangulia na mahindi, mstari hadi mstari, akiacha nafasi kati ya mistari. Miguu yake ililijua shamba kuliko macho. Alipofika mwisho, mimi, mawazo yangu yakiwa kwenye chipu, nilianza kufukia maharagwe chini ya mstari wake wa mwisho, kwenye kipande kilichobaki karibu na ua.

“Unaenda wapi huko?” Senge alisikia jembe langu. “Maharagwe hayananga shamba lao peke yao. Rudi juu, uingie katikati ya mahindi.”

Nikasimama na bakuli mkononi. Kamera nayo hupanda hivyo. Haitumi picha yote kwa mkupuo. Hutuma kwanza mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, hadi chini, kisha hurudi juu na kuijaza ile ya katikati. Nilifundishwa jambo hilo darasani, nikalisahau. Chipu zangu ziliweka mzunguko wa kwanza nusu ya juu ya kioo, na wa pili nusu ya chini. Zilipaswa kuruka nafasi moja baada ya kila mstari, na mzunguko wa pili uanzie nafasi ya pili.

“Senge, nimeliona kosa.”

“Malizia mistari minne, halafu uende.”

Niliimaliza. Dukani, Lazarus alimwomba mteja wake angoje. Nilifuta chipu mbili, nikaziandika upya.

Alhamisi tuliweka mitambo juu ya meza ya darasa, pamoja na betri ya gari ya jirani. Mkaguzi, Bwana Osundwa, hakuonekana kuifurahia kazi yake. Alikifungua kitabu cha darasa la pili. Senge akakifunika kwa kiganja.

“Hiki nimekikariri kitambo, Bwana Osundwa. Nipe nisichokijua.”

Mkaguzi alipekua mkoba wake kwa muda mrefu. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja tu ya kusomeka. Alisita, kisha akaiweka chini ya kamera, na Senge akaanza kuisogeza polepole kwa vidole viwili.

“Mwalimu Kageha anaarifiwa,” alisoma.

“Mwalimu Kageha anaarifiwa,” watoto sitini wakaitikia, kwa kuwa ndivyo walivyozoea: mwalimu akisoma, darasa hurudia.

“Kwamba kuanzia mwezi wa Aprili.”

“Kwamba kuanzia mwezi wa Aprili.”

“Ataacha kufundisha, kwa sababu hawezi kusoma.”

Watoto walirudia hayo pia, kwa sauti kubwa na safi. Bwana Osundwa alitazama sakafu. Senge aliisogeza karatasi hadi ukingo wake wa chini.

“Hapa pako wazi,” akasema. “Panangoja sahihi.”

“Panangoja sahihi,” wakasema watoto.

Bwana Osundwa aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akairudisha mkobani pamoja na kalamu yake.

“Endelea na kipindi, mwalimu,” akasema, na darasa zima likarudia.