Kamati ya Breki ya Mwenyekiti

Bujiku alikuwa mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda pale Kalangalala, na kwa kuwa uchaguzi ulikuwa umekaribia, hakutaka kukosana na mtu. Ndipo mpira wa kupeleka mafuta kwenye breki ya mbele ya pikipiki yake ulipopasuka.

Angenunua mwingine palepale, mambo yangeisha. Lakini aliomba ushauri, na kuomba ushauri kijiweni ni kuchokoza mzinga wa nyuki. Onesmo, ambaye wazee wa kijiwe walimsikiliza, alisema afunge mpira wa kawaida kama ule uliokuja na pikipiki, maana walioiunda hawakuwa wajinga. Hamza, kipenzi cha vijana, akasema mpira huchoka na kuvimba, ukibana breki unabana hewa. Mtu mwenye akili hufunga ule uliovikwa nyaya za chuma kisichoshika kutu, zilizosukwa kama ukili, ukigusa tu breki imeshika. Kufikia mchana watu walikuwa hawakai tena benchi moja.

Bujiku aliwaza kura. Akichagua mpira, vijana wamekwenda. Akichagua chuma, wazee wamekwenda. Basi akaunda kamati. Kamati ikaona si vyema kutoa maoni kabla ya kujifunza kwa wenzao, ikapanda basi hadi Mwadui, ikapitia Kishapu siku ya mnada, ikarudi imeshiba nyama choma na taarifa kwamba suala ni nyeti, lisiharakishwe.

Muda wote huo mwenyekiti aliendesha kwa breki ya nyuma peke yake. Alikwenda mdogo mdogo, akisalimia kila aliyempita, na watu wakamsifu kwamba cheo kimemkomaza.

Aliyekiona cha moto ni Scolastika, muuza dagaa ambaye wote walimwita Mama Nyamizi. Asubuhi moja Bujiku alimpakia na beseni lake la dagaa, na walipokuwa wakiteremka kuelekea sokoni, ng'ombe wakakatiza barabara. Kwa mazoea Bujiku akabana breki ya mbele; mkono ukafika mwisho bila kukuta kitu. Akakanyaga ya nyuma, tairi likateleza, wakaishia ndani ya dimbwi ambamo wachimbaji huoshea mchanga wao wa dhahabu. Hakuna aliyevunjika. Dagaa walirudi majini.

Mama Nyamizi alisimama, akajifuta tope usoni, akataka kujua breki ina nini. Bujiku akamweleza habari za mpira, na za chuma, na za kamati, na za unyeti. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyekiti," akasema, "kati ya hizo mbili, ipi haisimamishi pikipiki?"

"Zote zinasimamisha, Mama Nyamizi."

"Basi mlikuwa mnangoja nini?"

Bujiku akaitoa pikipiki topeni. Akaikokota hadi kwa fundi Akida. Siku hiyo Akida alikuwa na mpira wa kawaida tu. Akaufunga, akajaza mafuta, akatoa hewa. Breki ikashika. Bujiku alijisikia mwepesi kama aliyetuliwa gunia la pamba.

Wepesi huo ulimtoka alipokaribia kijiwe na kumwona Hamza kwa mbali. Akakata kona kwa Mwahija wa chipsi, akaomba kipande cha karatasi ing'aayo ya kufungia kuku, akauzungushia mpira wa breki kutoka juu hadi chini, ukang'aa kama nyaya za chuma.

Onesmo, aliyekwisha kudokezwa na Akida kwamba ndani ni mpira wa kawaida, akatabasamu kimya. Hamza, aliyeona mng'ao kwa macho yake, naye akatabasamu kimya. Uchaguzi ulipofika Bujiku alipita bila kupingwa, na katika hotuba yake akaishukuru kamati kwa kazi iliyotukuka.

Mama Nyamizi siku hizi hupita kijiweni kwa miguu, beseni kichwani. Mwenyekiti akimsalimia, huitikia bila kupunguza mwendo.