Mwaka Nilioenda Bila Bulan

Kila mwaka mimi na Bulan Lerang tulikuwa tunadandia gari la magogo kwenda shule yetu ya zamani, kule juu kwenye mto Baram, kuwaambia wasichana wa kabila letu la Kikayan wasiikimbie sayansi. Yeye alikuwa injinia wa umeme, mimi wa madaraja. Yeye ndiye aliyewachekesha. Mimi nilibeba mizigo.

Mwezi wa tatu Bulan akafa kwa saratani. Wa tano, Mwalimu Jau wa shule ile akanipigia simu.

"Usun, njoo tu, hata peke yako. Watoto wanawasubiri."

Nikaenda. Sikuwa na sababu ya kwenda, wala ya kukataa.

Nilisimama darasani nikasema yale yale: someni fizikia, msiwaogope wavulana, vyuoni nafasi zipo. Sauti ilinitoka kama tangazo la stendi. Nikajaribu hata utani wa Bulan: "Nilipokuwa mdogo nilidhani injinia ni jina la ugonjwa." Hakuna aliyecheka.

Msichana wa mbele, Hunei, akanyoosha mkono. "Dada Usun, leo mwenzio kakuacha?"

Hapo ndipo walipocheka.

Nikamtazama Mwalimu Jau. Akainamisha macho. Kumbe hakuwaambia.

"Amefariki," nikasema.

Wengine wakaanza kulia. Mimi nikawa natazama feni inavyozunguka. Hunei hakulia. Alikasirika.

"Lakini aliniahidi! Alisema nikiingia kidato cha nne atanifundisha umeme yeye mwenyewe. Baba alitaka nichukue upishi badala ya sayansi, nikagombana naye nyumba nzima ikasikia. Sasa nifanyeje?"

"Sijui," nikamjibu. Siku ile nzima sikuwa nimesema neno la kweli kuliko hilo.

"Kwani wewe umeme hujui?"

"Kidogo. Bulan alikuwa akinicheka."

"Basi nipe hicho hicho kidogo."

Mwalimu Jau akawatoa wengine wakale. Nikavuta kiti, Hunei akafungua kitabu kwenye sura ya umeme. Swali moja likatukwamisha, tukabishana, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Ningepaswa kufurahi. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi: unaona mkono wako, lakini si wako.

Gari likapiga honi nje. Nikatoka nikamwambia dereva aende zake, nitalala kwa walimu, maana ile sura tulikuwa hatujaimaliza.