Jiko Lililobomolewa Yamumbi

Eddah Wangeci aliuza saluni yake ya Langas, pamoja na mashine zote tatu za kukausha nywele, akanunua nyumba kuukuu kule Yamumbi ili aikarabati na kuiuza kwa faida. Mpango ulikuwa mtukufu. Ukifaulu, angenunua nyingine, kisha nyingine, hadi Eldoret nzima imwite Madam. Ukifeli, angerudi kusuka nywele kwenye saluni za watu, na dada yake Wamucii angecheka hadi Krismasi.

Kwa miezi mitatu fundi Lusweti alipiga plasta, akapanga vigae, akaweka dari ya jipsamu yenye taa kumi na sita. Kibanda cheusi cha nyuma, kilichokuwa jiko la kuni, kilibomolewa Eddah akishuhudia kwa heshima zote za mazishi ya kitaifa.

"Siku hizi watu wanapikia gesi," alitangaza, akapanda nyasi mahali pake.

Jumamosi mnunuzi akaja, mwalimu mmoja aitwaye Kipkorir, ameandamana na mama yake. Eddah alikuwa amejiandaa kwa Kipkorir. Hakujua kwamba mwenye kuamua ni mama.

Mama alipita sebuleni bila kutazama juu. Taa kumi na sita ziliwaka bure. Akafungua mlango wa nyuma, akazikazia macho zile nyasi.

"Msichana, hii nyumba ya wageni nimeona. Ni mzuri. Sasa ile ya kuishi iko wapi?"

"Ni hii, Mama. Jikoni kuna gesi, na mashine ya kufyonza moshi."

"Moshi imekukosea nini? Gesi iko na makaa ya kusafisha kibuyu ya maziwa ya mursik? Na mahindi nitakausha juu ya nini, juu ya hiyo mataa yako?"

Kipkorir alikohoa. "Mama ameongea," akasema, kama hakimu anayefunga kesi. Wakaelekea getini.

Eddah aliwakimbilia, viatu mkononi. "Mama! Nipe wiki moja. Lakini ukuje uonyeshe fundi mwenyewe. Kulikuwa na jiko ya kuni hapo nyuma, mimi nilibomoa kwa ujinga."

Mama akasimama. Akamtazama toka kichwani hadi kwenye soksi.

"Kesho ni kanisa," akasema. "Jumatatu."

Jumatatu alifika na fimbo, akachora mlango na mafiga palepale kwenye nyasi. Lusweti, bingwa wa jipsamu, alirudia ukuta mara mbili.

"Fundi, hiyo dirisha ni ya benki? Punguza!"

Ijumaa kibanda kilisimama, kuta za udongo, paa la mabati. Mama akawasha kuni alizokuja nazo. Moshi ukajaa, kila mtu akalia machozi, na Kipkorir akatia sahihi mkataba akiwa kwenye kigoda, akipapasa mstari ulipo.

"Dada yangu pia anatafuta nyumba," Mama alisema, akichochea moto. "Ukipata, usiguse huko nyuma mpaka nikuje."

"Sawa, Mama," akajibu Eddah. Akavuta kigoda kingine karibu na moto, akaketi, nguo zake zote zikinuka moshi, wala hakuwa na haraka ya kwenda popote.